Mugumo Ulioachwa Karibu na Maporomoko

Wamuyu mke wa Ndwiga alikuwa na kichwa kigumu, na wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, ndicho kilichomponza.

Mumewe alitoroka kambi ya kizuizini baada ya kupigwa mpaka sikio moja likafa. Majirani walimshauri ampeleke mbali, kule chini Mbeere. Akakataa. Alimficha katika kichaka cha matambiko, kando ya maporomoko ya Rupingazi.

"Tangu babu zetu, aliyeshika mti wa kichaka kile haguswi, hata kama ameua," alisema. "Wangu hata kuku hajaua."

Na kweli, homgadi, wanakijiji waliopewa bunduki na mkoloni, walijua yuko mle, lakini waliogopa kukanyaga. Mkubwa wao, Ngari, alitahiriwa pamoja na Ndwiga.

"Shemeji, mlishe vizuri," alimtania Wamuyu mtoni. "Asikonde tukashindwa kumtambua."

"Wewe jiangalie, umevimba kama kupe!"

Kisha mzungu wa wilaya akataka mahali pa wageni, wazungu wa kutoka Nairobi waje kuvua samaki, kutazama maporomoko na kunywa chai kwenye nyasi. Akaamuru kichaka kifyekwe, uachwe mugumo mmoja tu, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, uwe kivuli. Wanawake wakatolewa kijijini wakiwa na mapanga, kazi ya lazima.

Wamuyu hakutetereka. Desturi ya kufyeka msitu aliijua: mti mmoja mkubwa huachwa, na roho za ile iliyokatwa huhamia humo. Basi mugumo ungemlinda Ndwiga.

Njiani jirani yake Muthoni alimvuta kando. "Dada, kuhusu ule mugumo, jana wazee..."

"Usinifundishe desturi, wewe uliyeolewa juzi!"

Muthoni akaongeza mwendo. Homgadi walikuwa karibu.

Walipoanza kufyeka, Wamuyu akaimba wimbo wa kulima, akitia maneno yake mwenyewe: wewe uliye ndani, shika mugumo, usivuke mto, usiachilie. Ng'ambo kulikuwa bado na msitu mzito, na maji yalikuwa haba. Ndwiga akasikia kwa lile sikio lililobaki, akatii.

Miti ikaanguka mmoja mmoja, mpaka akaonekana amekumbatia mugumo, matambara mwilini. Wanawake wakashusha mapanga. Ngari akavua kofia, akamwendea, akamshika mkono.

"Usimguse!" Wamuyu akapiga kelele. "Roho zote zimo humo!"

"Hazimo, shemeji. Jana wazee waliletwa hapa kwa nguvu, wakachinja kondoo, wakazihamishia mlimani. Kijiji kizima kinajua."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Wewe unaambilika?"

Ndwiga alimtazama mkewe. "Nilikuwa nimeshatia mguu majini," akasema. "Ndipo nikasikia wimbo wako, nikarudi."

Wakampandisha lori. Wamuyu akaendelea kufyeka, maana aliyesimama alipigwa.

Ndwiga hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Wageni walikuja na mablanketi yao na birika zao, watoto wao wakakimbizana kuuzunguka mugumo. Uhuru ulipopatikana, wakaja wageni wengine, weusi, nao wakakaa palepale.

Wamuyu aliishi mpaka uzee mkubwa. Mabinti waliokwenda kumwuliza jambo, la ndoa au la mtoto mgonjwa, hata la siku ya kupanda maharagwe ya njahi, aliwafukuza mlangoni.

"Kamwulizeni Muthoni," alikuwa akiwaambia.