Mkono Ndani ya Kinu

Likizo ilipokaribia, watu wa Ejisu, mji wa Ghana, walimpongeza Maame Serwaa kwamba sasa atapata mtwangaji. Kibanda chake cha fufu, sima ya kutwangwa kinuni, hufurika wateja kila mchana, na kijana aliyekuwa akimtwangia alikuwa amerudi kwao kulima. Mwanawe Asiamah, mwenye mabega mapana, alikuwa njiani kutoka chuo kikuu. Maame Serwaa akafurahi. Laiti angejua.

Aliyeshuka garini alikuwa Asiamah kweli, ila macho mekundu, shingo imepinda, na simu ameikumbatia kama mzazi wa jana na kichanga chake. Mjomba wake alipomnyooshea mkono, alimpa wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika simu. Wa kushoto! Kwa mjomba! Maame Serwaa akaomba radhi mpaka ulimi ukamkauka, na mwenye kosa wala hakujua kosa ni lipi.

Nyumbani yakawa yale yale. Ukimwita anaitika, haji. Akimaliza kula, mwulize ilikuwa supu ya nini, atabahatisha. Usiku halali, asubuhi haamki. Rafiki zake wa utotoni walikuja kumwona, wakakaa, wakaaga, naye muda wote anacheka na watu wa mbali.

"We mtoto, hiyo simu inakupa nini?"

"Mambo ya chuo, Maame."

"Chuo gani hicho cha kuchekea peke yako? Kawasalimie wazee, mwili upate hata jua."

"Nimesikia, Maame."

"Hujasikia. Nimesema nini?"

Asiamah akafikiri. "Umesema... nikanunue chumvi?"

Wateja waliangua kicheko, Maame Serwaa hakucheka. Simu ile aliinunua mwenyewe siku kijana alipopata nafasi ya chuo, na kila alipotaka kumnyang'anya alimwonea huruma. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali aliijua vizuri, akaifanyia uziwi.

Fufu hutwangwa na wawili. Mmoja husimama na mchi mrefu, mwingine huketi kando ya kinu, na kila mchi unapopanda huingiza mkono kuligeuza lile donge la mihogo na ndizi. Hawasemezani. Aliyeketi hana kinga yoyote ila macho ya aliyesimama. Maame Serwaa aligeuza hivyo tangu usichana wake, na mkono huo wa kulia ndio ulioilisha nyumba na kumfikisha Asiamah chuoni.

"Simu iache ndani," alimwambia siku moja, akikaa kwenye kigoda.

"Naam, Maame."

Hakuiacha. Aliiegemeza ukutani, mpira unachezwa. Mapigo ya kwanza yalikwenda vizuri, donge likaanza kulainika. Halafu huko kwenye simu mtu akafunga bao. Asiamah akageuza kichwa, na mchi ukashuka mkono ungali ndani.

Ukelele wa Maame Serwaa uliwainua wateja wote mezani. Asiamah aliutupa mchi, akapiga magoti mbele ya mama yake, kisha, Mungu atusamehe, akainuka akaikimbilia simu.

"Ngoja Maame, natafuta humu namna ya kutibu!"

"Maji, mpumbavu wewe! Niletee maji!"

Maji aliyaleta mteja.

Vidole viwili vilivunjika. Hospitali waliviunga, lakini cha kati kiligoma kukunjika. Mkono ule uliweza kushika mchi, kugeuza haukuweza tena, na wiki zote za kuuguza kibanda kilikuwa kimefungwa. Majirani wakangoja kusikia simu imepasuliwa. Maame Serwaa hakuigusa. Siku bandeji ilipotoka alichemsha mihogo, akauosha mchi, akamwita mwanawe.

"Kaa."

"Wapi?"

"Kwenye kigoda changu."

"Maame, mimi sijui kugeuza."

"Nani alizaliwa anajua? Kaa, tia mkono."

Akatwanga. Asiamah aligeuza kwa woga, akiuchomoa mkono mapema mno, na mama akimkemea kwa kuchelewesha chakula cha watu. Wakaanza kupatana. Hapo simu ikanguruma mfukoni mwake, na kichwa, kwa mazoea yale yale, kikaanza kuinamia mfuko. Mkono wake ulikuwa bado kinuni.

Mchi ulisimama hewani.

"Angalia," Maame Serwaa alisema. "Angalia tu, huenda ni mambo ya chuo. Mimi nilikuamini, nikakuachia mkono wangu. Na wewe niamini."

Simu ilinguruma tena, ikachoka yenyewe. Asiamah aliinua macho, akauona mchi, akakiona kile kidole kilichokakamaa juu yake, kisha akautazama uso wa mama yake. Tangu arudi hakuwa ameutazama. Mama yake alikuwa amezeeka, na yeye hakujua ni lini.