Mama Mkwe na Jirani Yake wa Kitanda

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kukosoa. Alikosoa nilivyomenya viazi, nilivyokunja blanketi, hata nilivyocheka. Kwa hiyo wiki nzima ilipopita bila yeye kusema neno lolote juu ya uji wangu, nilimwambia mume wangu, "Mama anaumwa." Akanijibu nishukuru kwa kupata mapumziko. Alidhani natania.

Tulikaa Waithaka, nje kidogo ya mji, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja, yetu na ya mama. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja mjini na alikwenda kazini kwa baiskeli. Mama, tangu afiwe na mumewe, alikuwa akiuza mboga. Alifunga kikapu mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kichwani, akatembea mpaka milango ya nyuma ya majumba ya Westlands, na wapishi wote wa kule walimjua kwa ulimi wake. Kisha siku moja jembe likamkata kidole cha mguu. Kidonda kikakataa kupona, na alipopimwa hospitalini ikaonekana ana ugonjwa wa sukari.

Kikapu kikatundikwa ukutani. Mama akawa wa kulala tu, ameugeukia ukuta. Chakula alikionja kidogo akasukuma sahani. Jirani mmoja alisema amerogwa, mwingine akasema ni uvivu wa uzee, na wanawake wa kanisa walikuja kumwombea, wakaimba vizuri sana, wakaondoka. Mimi nilizidi kuwa mpole. Niliongea naye kwa sauti ya chini, nikamnawisha mikono, nikamwambia kila kitu kitakuwa sawa. Nikiona hajibu, naongeza upole.

Daktari wake alikuwa mama wa Kihindi mwenye kliniki ghorofani, katikati ya mji. Siku hizo serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na sisi wa Waithaka hatukuingia mjini bila pasi, kwa hiyo kila safari ilianza kwa kupanga foleni ya ruhusa, mama akiwa ameketi kwenye jiwe na mguu wake umefungwa bandeji. Siku ninayoikumbuka, daktari alimaliza kukikagua kidonda, akavuta kiti, akaniuliza, "Anakula?"

"Kidogo."

"Analala?"

"Mchana. Usiku anakaa macho."

"Mara ya mwisho alicheka lini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali kama hilo. Nilifikiri sana. "Kabla ya mvua za masika," nikasema.

Akaandika jibu langu, kama vile angeandika homa. Halafu akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha dukani. "Huyu mama iko na ugonjwa mbili. Moja ni sukari. Ingine ni huzuni, na hiyo pia ni ugonjwa, si tabia. Huzuni inamkataza kula. Kama hakuli, hii sindano ya sukari inaweza kumwangusha, na mguu haiponi. Mguu ikikataa kupona, huzuni inazidi. Mimi natibu zote mbili pamoja. Usimwambie ajikaze."

Alimpa vidonge vya kumsaidia kulala, akapanga saa za kula, akataka mama atolewe juani kila asubuhi na awe na watu. Kisha akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. Sindano ilitakiwa kila siku, na kidonda kuoshwa kila siku na mtu aliyesomea kazi hiyo. Zaidi ya Westlands kulikuwa na nyumba ya masista waliotunza wazee wagonjwa. Angeweza kutuandikia barua.

Jumapili baada ya ibada tulikutana nyumbani kwa mama: mume wangu, kaka yake mkubwa ambaye alikuwa na duka kando ya barabara, na mimi niliyekaa karibu na mlango kwa sababu ya chai. Shemeji hakutaka kusikia.

"Mama ana wana wawili wazima na mke wa mwana hapa hapa," alisema. "Halafu alelewe na wageni? Watu watasema tumemtupa."

"Nani atamdunga sindano?" mume wangu akamwuliza. "Wewe?"

Shemeji akaomba chai nyingine. Wiki iliyotangulia alikuwa amejaribu kuishika tu sindano tuliyopewa kliniki, akatoka kuketi kizingitini na kichwa katikati ya magoti, nami nikampelekea maji. Sikucheka siku ile. Nilicheka baadaye, jikoni.

"Tutatafuta mtu," alisema mwishowe.

Mama akageuka kitandani. Tulikuwa tumesahau kwamba anasikia. "Mnaongea kama sipo," alisema. "Nipelekeni kwa hao masista. Hapa kila mtu ananiongelesha kama nimeshakufa."

Maneno hayo yalinichoma, kwa maana aliyemwongelesha hivyo zaidi ya wote nilikuwa mimi.

Tulimpeleka kwa gari la kukodi. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, ya mabati, na baraza pana lenye viti vya kamba. Mama akapewa kitanda cha pili kutoka dirishani. Cha kwanza kilikuwa cha mama mmoja mzee kutoka upande wa magharibi, ambaye mwanawe alifanya kazi ya reli. Upande wake mmoja ulikuwa umepooza, lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Alitusalimia, mama hakujibu. Nilirudi Waithaka nikilia ndani ya gari, na mume wangu akatazama nje njia nzima.

Jumapili ya kwanza nilimkuta vile vile. Jumapili ya pili pia, ila sista aliyemtunza alisema anamaliza sahani na analala usiku. Jumapili ya tatu nilisikia kelele nikiwa bado langoni. Nikakimbia. Mama alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya kigoda, na yule jirani yake ameketi mkabala naye.

"Hiyo mboga yenu ya mrenda inateleza kama kamasi," mama alikuwa akisema. "Mtu anakula aje kitu hata haingojei atafune?"

"Na nyinyi je? Mahindi na maharagwe, mahindi na maharagwe, kila siku. Hiyo ni chakula ya punda."

"Punda ana meno. Wewe huna."

"Wewe unayo ngapi? Hebu fungua mdomo tuone."

Mama akafungua mdomo. Yule mzee akainama, akahesabu kwa kidole, akatangaza kwamba ni manne na moja linatikisika. Mama akacheka mpaka kigoda kikasogea. Nilisimama pale na kikapu changu cha ndizi.

Sista alinivuta kando. Alikuwa na wasiwasi. "Wanagombana hivi tangu Jumatano," aliniambia. "Kesho nitawatenganisha, nimpeleke mama yako chumba kingine apate utulivu."

"Sista, tafadhali," nikamwambia, "mwache hapo hapo."

Daktari alipopata habari hizo alikubaliana nami. Alisema dawa iendelee, sindano iendelee, na vitanda visisogezwe.

Siwezi kusema kwamba siku zote zilikuwa hivyo. Kulikuwa na siku, hasa za ukungu wa Julai, ambapo mama aliugeukia ukuta tena na hakumtaka mtu. Sista alikuwa amejifunza kutomlazimisha. Alimwosha kidonda, akamdunga sindano, akaketi kidogo bila kusema, akaenda zake. Jirani yake naye alinyamaza siku hizo, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake. Baada ya siku mbili tatu mama aliomba chai, na hapo wote walijua kwamba huzuni imemlegezea. Kidonda kilifunga miezi mitano baada ya kufika.

Shemeji, ambaye muda wote huo hakuwa amekanyaga kule, alipanda gari nasi Jumapili iliyofuata akiwa amevaa koti lake la harusi. Alikuwa ametengeneza chumba nyuma ya duka, akanunua godoro jipya. "Mama, umepona," alisema. "Tumekuja kukuchukua."

Mama akamtazama. "Sindano utanidunga wewe?"

"Nitajifunza."

"Utaanguka," akasema mama, si kwa ukali. Akamshika mkono. "Godoro liweke. Nitakuja Krismasi nilale juu yake siku tatu. Lakini mimi nakaa hapa. Huyu mwenzangu sijamaliza naye."

Shemeji akavuta kiti, akaketi. Kisha akamgeukia yule mzee wa kitanda cha kwanza, akamwamkia kwa heshima, akamwuliza huko kwao wanaipikaje hiyo mrenda niliyomsimulia njiani. Maelezo yalichukua saa nzima, mama akiyakatiza kila hatua, na tulipoondoka shemeji alikuwa amepewa na yule mzee mbegu za mrenda zilizofungwa katika karatasi, akaziweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.