Kahawa ya Uyoga

Baba alipoanza kunisimulia habari ileile mara tatu kabla chai haijapoa, sikulia, nilikasirika. Ndivyo nilivyo, nikimhofia mtu humgombeza. Na nilikuwa naogopa jambo moja tu: kwamba siku moja nitaingia uani kwetu Kangundo, aniangalie, kisha aniulize nimetoka wapi na namtafuta nani.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, na pale Machakos mjini ungeweza kuuziwa dawa ya lolote na mtu mwenye mkoba na maneno matamu. Mimi niliuziwa na mama mmoja tuliyekuwa tukiimba naye kwaya. Alinitolea pakiti ya kahawa iliyochanganywa na unga wa uyoga mwekundu kutoka Asia, akaniambia wazee wa huko huinywa na hawasahau hata jina la jirani aliyehama. Nilimwamini papo hapo, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Sikukumbuka kwamba nampelekea kahawa mzee wa Kangundo. Baba alikuwa ameilima, ameipulizia dawa, ameichuma na kuipeleka kiwandani tangu kabla sijazaliwa, lakini nyumbani tulikunywa chai tu. Kwetu kahawa ilikuwa kazi. Uyoga nao alioujua ni ule mweupe unaoota kwenye vichuguu mvua ikinyesha, ambao marehemu mama yangu alikuwa akiukaanga kwa vitunguu. Aliigeuza pakiti, akainusa, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mimi nimelima hii kitu miaka arobaini na sijawahi kunywa hata kikombe moja," alisema. "Sasa unaniletea ingine iko na uyoga ndani?"

Lakini aliinywa, kila asubuhi mwezi mzima, uso ameukunja, kwa kuwa ni mimi niliyeileta. Kusahau hakukupungua. Kilichopungua ni usingizi wake wa mchana.

Mwishowe nilimpeleka kwa daktari mjini, pakiti nikiwa nayo mkobani. Daktari alikuwa kijana mpole asiye wa kwetu. Aliisoma, akasema uyoga wa namna hiyo bado unachunguzwa na yeye hawezi kuniahidi kwamba unarudisha kumbukumbu. La muhimu ni Baba asiache vidonge vyake vya presha. Kisha akamuuliza maswali madogomadogo: leo ni siku gani, tuko mji gani. Baba akayajibu vizuri, nami nikavimba kichwa kama mzazi siku ya matokeo. Daktari akaninyoshea kidole akamuuliza mimi ni nani.

"Huyu ni mama yangu," Baba akasema.

Daktari alinitazama kwa huruma, akaandika. Mimi nilicheka hadi nikashika meza. Ikabidi nimweleze kwamba nilipewa jina la nyanya, mamake Baba, na kwetu Ukambani mtoto wa hivyo huitwa mama na babake. Tangu nizaliwe Baba hakuniita kitu kingine ila mwaitu, yaani mama yangu. Hata akinichapa aliniita hivyo. Daktari naye akacheka, akafuta alichoandika. Baba pia alicheka, lakini sikuwa na hakika kama alijua tunachekea nini.

Hilo ndilo lililonikosesha raha tulipotoka. Nyanya alikuwa amekufa zamani, na mimi nilikuwa nimemjibia Baba haraka mno. Tulipoketi kwenye benchi nje ya duka la dawa, nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza polepole kama pale ndani alinijua mimi, ama alidhani anamwona mamake.

Aliweka mikono magotini. Angeweza kunidanganya nikaridhika, ila hiyo haikuwa tabia yake.

"Hiyo siwezi kukuambia, mwaitu," alisema. "Lakini nilijua ni mtu yangu, na nilifurahi ako na mimi."