Soksi Mbichi kwa Hallbera

Mgeni wa Hallbera alifika ameloa, maana mto wa bonde lile haukuwa na daraja, na farasi wa Iceland hajali sketi wala suruali ya mtu. Ndiyo maana mama huyu alikuwa na sifa moja aliyoilinda kama yai: hakuna mgeni aliyewahi kulala chini ya paa lake la nyasi na soksi mbichi. Alikaa sakafuni mwenyewe, akakanyaga ubao wa kitanda, akavuta. Alimvua askofu. Alimvua hata mtoza ushuru wa Kidenmaki, ingawa mguu wa huyo aliuvuta kwa nguvu zaidi.

Kiangazi kimoja akaja Bi Thwaite, Mwingereza, hana mume wala kaka nyuma yake, amekuja kutazama chemchemi za maji moto. Oddur, kiongozi wake aliyejua Kiingereza, alikuwa amerudi mtoni kumbembeleza farasi wa mizigo aliyegoma. Hallbera akapiga magoti, akamshika mgeni kifundo cha mguu. Bi Thwaite akapiga yowe, akarusha teke, na bakuli la maziwa ya mgando likammwagikia Ketill, mume wa Hallbera.

"Mama watoto," Ketill akasema akilamba masharubu, "leo umeletewa punda."

"Nyamaza! Akilala na soksi zile, dada yako atasema nini?"

Dada yake Ketill, Jorunn, aliishi ng'ambo ya mto, na ulimi wake ulivuka mto bila farasi.

Hallbera akawaza: asiyejua huonyeshwa. Akaketi mkabala na mgeni, akanyoosha mguu wake mwenyewe, soksi ikichuruzika maji ya zizini. Akaigusa, akatabasamu.

Uso wa Bi Thwaite ukang'aa. Kumbe ndiyo desturi yao! Akapiga magoti, akamvua mwenyeji wake soksi zote mbili, akazikamua, akamfuta miguu kwa leso yake.

Hallbera alitaka kuuvuta mguu, mguu ukagoma. Tangu mama yake afariki, hakuna mkono uliowahi kumvua soksi. Alipokuja kuinama kwa zamu yake, Bi Thwaite alitoa mguu bila teke, na kila mmoja alikuwa na machozi ambayo mwenzake hakuyaulizia.

Lakini Bi Thwaite aliporudi kwao akaandika kitabu cha safari. Kiangazi kilichofuata waliingia mabwana watatu wa Kiingereza, wakiongozwa na Oddur, na kabla ya salamu wakapiga magoti mbele ya Hallbera.

"Wifi!" Jorunn alikuwa ameshavuka mto kuja kushuhudia. "Siku hizi kwako mgeni ndiye mtumishi? Bonde zima linacheka!"

Hallbera akaona sifa yake yote ikienda na maji. "Oddur, waambie wasimame. Mimi ndiye ninayewavua wao."

Oddur akasema nao, nyuso zikawashuka. "Wanasema wametapika baharini njia nzima kwa ajili ya hili, mama. Ukiwanyima, wataona hawajafika Iceland."

Hallbera akawatazama wale mabwana wakubwa, wamepoa kama watoto walionyimwa uji. Basi mgeni ananyimwa? Akaketi, akanyoosha miguu. Mabwana wawili wakaidaka. Wa tatu akabaki magotini, mikono mitupu.

Jorunn alikuwa amesimama mlangoni, ameloa hadi mapajani.

"Keti, wifi," Hallbera akamwambia. "Wako watatu, na mimi nina miguu miwili tu."