Usimlishe Farasi

Kibao bado kipo getini. Rangi imebabuka lakini maneno yanasomeka: USIMLISHE FARASI. Nilikiandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni, maana nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na ushee na mkono haujasahau. Wageni wanaofika kwangu Wazo hucheka kwanza, kisha huuliza kama kweli ndani kuna farasi. Wapo, tena watatu, wazee wote, na kila mmoja alishakataliwa na watu kabla ya kufika kwangu. Lakini kibao nilikiandika kwa ajili ya yule wa kwanza, na kwa ajili ya majirani zangu, ambao huruma yao haina breki.

Kabla ya farasi, banda lile lilikuwa la ng'ombe wa mume wangu. Yeye mtu wa Masasi, mimi wa Singida kwenye wafugaji, na katika ndoa yetu mambo ya mifugo yalitakiwa yawe yangu. Ikawa kinyume. Yeye ndiye aliyewapenda ng'ombe wale wawili wa maziwa kama watoto wa kuzaa, mimi nikabaki na madaftari ya kusahihisha.

Kisha kisukari kikamkamata. Nilikuwa mkali, sifichi. Sukari niliifungia kabatini na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari. Wali nilimpimia kwa kikombe, nikisawazisha juu kwa kisu. Chai alikunywa chungu, akikunja uso kila asubuhi kama mtoto anayenyweshwa dawa, na vitumbua, ambavyo alivipenda kuliko hata nyama, vilipigwa marufuku visivuke geti. Kipimo kilikuwa kinashuka, natabasamu, halafu siku fulani kinapanda bila sababu. Nilirudia hesabu ya kila alichokula nisione kosa. Basi nikabana zaidi.

Furaha yake iliyobaki ilikuwa banda. Dada yake mkubwa, wifi yangu, alikuwa akija kila Jumamosi kutoka Mtoni, upande wa pili wa jiji, na wakishasalimiana na watu wa nyumbani walielekea huko nyuma, wakakaa na ng'ombe mpaka jua linapungua. Nilifurahi. Niliwaza angalau anatembea kidogo, anapata hewa.

Alifariki mwaka uleule niliostaafu. Msibani, wanawake tukiwa tumekaa mkekani, wifi yangu alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mdogo wangu amekufa na hamu. Ya chai ya sukari tu jamani, amekufa na hamu ya chai." Wanawake wakainamisha macho. Mimi nilishika ufunguo wangu ndani ya khanga na kuubana mpaka ukaniachia alama kiganjani. Baada ya hapo wifi hakuja tena Wazo, na mimi sikwenda Mtoni. Ng'ombe niliwauza, banda likabaki tupu.

Farasi nilimkuta amefungwa kwenye nguzo nyuma ya ukumbi wa sherehe, nikitokea sokoni. Nilikuwa nimewahi kumwona zamani, mnene, anang'aa, akibeba watoto ufukweni wapigwe picha, na siku za harusi akibeba mabwana harusi ambao maisha yao yote hawajapanda kitu zaidi ya bodaboda. Sasa mbavu zake zilihesabika kutoka upande wa pili wa barabara. Mgongoni alikuwa na kidonda kikubwa mahali pa tandiko, kwato zimerefuka na kujikunja kwa mbele, na nzi walikuwa wametawala macho yake wala hawafukuzi.

Mwenye farasi alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililonichanganya, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kumgombeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu mnyama anaumwa?"

"Amechoka tu, mama. Kazi zimemshinda, watu siku hizi hawamtaki. Kama una sehemu, mchukue. Kweli, mie nakupa."

Nikasikia mdomo wangu unasema ninalo banda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halinipi sifa. Sikuwa na mapenzi ya farasi. Sikutaka tu kiumbe mwingine afe na hamu mbele ya macho yangu.

Basi siku ile alikula. Mimi nimelelewa Singida, mgeni aliyekonda akiingia kwenu humuulizi, unamtilia chakula. Nilimmiminia ndoo ya pumba za mahindi, mashudu ya alizeti juu yake, nikaongeza molasi iliyobaki tangu enzi za ng'ombe, na kiporo cha ugali. Alipomaliza nikaongeza. Alikuwa anatafuna kwa sauti inayopendeza, pua yote imejaa unga, nami nimesimama mikono kifuani kama mama mwenye nyumba aliyeona sahani zimerudi jikoni tupu. Nakumbuka nilisema kwa sauti, peke yangu, "Kula baba. Hapa hakuna wa kukunyima."

Kesho yake alasiri nilimkuta anajigeukia ubavu, anautazama kama vile kuna mtu anamwita kutoka humo. Akaanza kuparua chini. Akalala, akajibiringisha, akainuka, jasho linamtiririka mpaka kwenye kwato. Nilimpigia simu daktari wa mifugo aliyekuwa akitutibia ng'ombe, nikaambiwa amehama, akaja aliyechukua nafasi yake, binti mdogo aliyeshuka kwenye bodaboda na begi lake mgongoni.

"Umempa nini, mama?"

Nikamtajia kila kitu, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilitaja kwa fahari.

Binti alifumba macho kidogo. "Mama, farasi hatapiki. Kikiingia kimeingia. Na huyu alikuwa hajala vizuri miezi, tumbo lake limesahau kazi. Ungempa majani kidogo kidogo tu."

Alimpitisha mpira puani mpaka tumboni, akamtilia mafuta, akamchoma sindano. Kisha tukaanza kumtembeza uani, kuzunguka kisima na kurudi, kuzunguka kisima na kurudi, asije akalala tena, mpaka adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Muda wote huo nilikuwa namwomba Mungu na kumtukana farasi kwa zamu. Hatimaye alitoa kinyesi. Sijawahi kufurahia kinyesi kiasi kile, na binti alipiga makofi.

Akanipa masharti. Majani tu, yamepimwa kwa mizani, kila baada ya saa tatu. Pumba marufuku. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, dawa ya minyoo baada ya wiki mbili, kwato angemleta mtu wa kuzikata. Wiki sita, na nisimwongezee hata konzi moja. "Atakulilia," alisema. "Atakuangalia na yale macho. Usimsikilize."

Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia. Nilikuwa nimerudishwa kwenye kabati langu lenye kufuli.

Farasi alijua kuomba, hilo lilikuwa limemweka mjini. Ukuta wangu ni mfupi, na kichwa chake kilipita juu yake kwa urefu mzuri kabisa wa kumtazama mpita njia usoni. Asubuhi na mapema alikuwa ameshachukua nafasi yake pale, midomo imelegea, mbavu zinaonekana, akilia kila akisikia mfuko wa plastiki ukichakarika. Nami hapo pembeni na mizani yangu ya kuning'iniza, natoa majani mawili yaliyozidi kwenye fungu na kuyarudisha.

Mama mwenye genge la mkabala alikuja siku ya tano. "Mwalimu, mie sikuingilii ya kwako. Ila huyu mnyama ananiangaliaga mie tangu saa kumi na mbili. Hata nyanya siuzi vizuri."

Nikamweleza habari ya tumbo. Akaitikia kwa kichwa vizuri sana, kama watu wanavyomwitikia mwendawazimu. Kesho yake nikaokota bandani maganda ya ndizi na ukoko wa ugali.

Ndipo nikaandika kibao, na kibao kikaniharibia kabisa. Kumbe hadi hapo kulikuwa na waliodhani nimesahau tu kumlisha. Sasa ilikuwa imethibitishwa kwa maandishi. "Mwalimu amefikia kuandika!" nilimsikia mmoja akisema. Kwenye sala ya jumuiya, mama mmoja aliwaombea wote wanaonyimwa riziki yao, jicho moja likiwa wazi upande wangu. Na mtaa mzima ulikuwa unajua mume wangu alifia nyumba gani, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa sentensi inayofuata.

Wiki ya tatu tumbo lilimshika tena. Mtu alikuwa amemrushia sufuria zima la ukoko, kwa upendo. Binti daktari alimwokoa, lakini safari hii hakupiga makofi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta mikono, akasema, "Akipata mara nyingine, mama, mie sikuahidi. Moyo wake hautahimili."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuchukua majani, nikarudi nimeyapakia kwenye guta. Nikakuta geti limerudishwa tu na kandambili za kike ziko nje ya banda. Nilizijua kabla sijamwona mwenyewe. Wifi yangu alikuwa amesimama ndani, kazeeka kuliko nilivyotegemea, khanga begani. Mkono mmoja ulikuwa na kifurushi cha gazeti, na mwingine ulikuwa umenyooka na kitumbua, na midomo ya farasi ilikuwa inakitafuta.

Nilipiga kelele ambayo sijui niliitoa wapi. Nikampiga mkono, kitumbua kikaangukia kwenye kinyesi. Mkubwa wangu yule, dada wa mume wangu, na hata shikamoo sijampa.

"Unataka kumuua!" nilisema. "Hujui kusoma? Kibao hukukiona?"

"Nimekiona," alisema. "Wamenisimulia mpaka Mtoni kwamba wifi yako sasa anamshindisha njaa farasi. Nikasema naenda."

Nilimweleza yote. Pumba za siku ya kwanza, mpira puani, ukoko, na kwamba mara ya tatu itakuwa ya mwisho. Alisikiliza akiwa amekitazama kile kitumbua chini. Uso wake ulikuwa unabadilika, lakini si kwa namna niliyoitegemea. Akakaa juu ya ndoo.

"Alikuwaga anakaa hapa hapa," alisema.

"Nani?"

"Mdogo wangu. Mie namletea, nimeficha kwenye khanga, anakula ng'ombe wakimwangalia. Viwili. Siku nyingine vitatu."

Sikuelewa mara moja, kisha nikaelewa kila kitu kwa pamoja: Jumamosi, banda, kipimo kinachopanda bila sababu, na mimi natafuta kosa kwenye kikombe changu cha wali. Nilitaka kumpiga tena. Nasema kweli, nilitaka kumpiga na kile kipande cha mti cha kufungia mlango.

"Na msibani ukasema vile," nilisema. "Mbele ya watu wote."

"Niliogopa, wifi. Nilipomwona kwenye jeneza nikajua ni vitumbua vyangu. Nikaona watu watalisoma usoni mwangu. Ndiyo nikasema." Alijifuta pua kwa khanga. "Tangu siku ile silali vizuri."

Mimi pia nilikuwa silali vizuri tangu siku ile. Yeye Mtoni akihesabu vitumbua alivyompa, mimi Wazo nikihesabu nilivyomnyima, na farasi katikati yetu akitafuta njia ya kufikia gazeti. Hasira haikuniisha, lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine kinasukuma kitoke, na kilikuwa swali.

"Alikuwa anafurahi?"

"Sana," alisema wifi yangu. "Analamba mpaka vidole. Halafu ananawa kwenye ndoo ya ng'ombe na kuniambia, usimwambie mke wangu. Anahangaika sana na mie."

Nilishika ukuta wa banda. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo nikiamini alinichukia mwishoni.

Saa kumi ilikuwa imefika. Nilipima fungu la majani kwenye mizani, nikapunguza kidogo, nikampa wifi yangu mikononi. "Mpe wewe," nilisema. "Hicho tu. Akilia usimsikilize." Alimpa. Farasi alikula, akamaliza, akalia, akamwangalia kwa yale macho yake ya ufukweni. Wifi alilia naye, lakini hakuinuka kwenye ndoo.

Alihamia kwangu kwa wiki tatu zilizobaki, na baada ya siku mbili mtaa ulikuwa umepata askari. Mama wa genge alikuja na ganda moja tu la ndizi, akakemewa mpaka akakimbia. Farasi yule alipona, akanenepa, kidonda kikaota manyoya meupe, na akaishi nasi miaka minne mingine bila kubeba mtu yeyote mgongoni.

Lakini Jumamosi ile, kabla ya kutoka bandani, wifi yangu alifungua gazeti. Vilikuwa vimebaki viwili. Nilikuwa sijaonja kitumbua tangu nilipompiga marufuku mume wangu, kwa sababu niliapa nitafunga pamoja naye, na yeye hakuwahi kujua kuwa nafunga. Nilikula changu nimesimama, mkono mmoja ukiizuia pua ya farasi. Kisha nikanawa vidole kwenye ndoo yake.