Udongo Mweusi wa Bondeni

Nilichimba shimo katikati ya shamba la mama, la kunifika kifuani, ili niwachekeshe wenzangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kijiji chetu cha Mitole wakisimulia habari hii huanza na lori, na mimi naona lori wanalionea bure. Lori halikutujua. Shimo ndilo lililoliita. Nilikuwa darasa la tano, na mvua ya kwanza ilikuwa imepiga jana yake, ule mnyunyo mfupi unaoifanya ardhi inukie kama chungu kipya kilichotiwa maji.

Shamba lilikuwa bondeni, chini ya vilima, na udongo wake ulikuwa mweusi, laini, unaokatika kama mkate wa kumimina. Mama alipanda humo mtama, kunde na maboga, na mwaka ambao watu wa mlimani walishinda porini wakichimba ming'oko, mizizi ya wakati wa njaa, sisi tulikula ugali mpaka tukachagua mboga. Alikuwa na sheria moja tu: kandambili ziliishia kwenye gogo la mpakani. "Vueni," alisema, "udongo ukizoea viatu unakaza roho kama tajiri." Tukavua, tukaingia peku, na ule udongo ukatupenya katikati ya vidole, wa baridi, kama unatuuliza tumeleta nini. Mimi niliona ni mambo ya kizee. Siku moja nikamwuliza, "Kwani humu msikitini, mama?" Akanijibu bila kuinua jembe, "Msikitini unaomba. Huku ndiko unakopewa. Vua."

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi alitufundisha tabaka za udongo. Akachora ubaoni kitu kama keki: juu udongo wenye mboji, ndimo mizizi inamopata chakula na nyungunyungu wanamolima bila jembe, chini yake udongo mgumu unaoshika maji na kile ambacho mvua imekichuja kutoka juu, chini zaidi mchanga na changarawe, mwisho kabisa mwamba, babu wa wote. Akasema lile tabaka la juu, pamoja na wembamba wake, hujengwa kwa vizazi na vizazi, na kwamba likiondoka, mkulima amebaki na uwanja wa mpira. Akatuagiza tukayatazame hayo kwenye kingo za korongo. Wenzangu wakaenda korongoni kama kondoo. Mimi, mwenye akili nyingi, nikasubiri mama aende msibani kijiji cha pili, nikachukua jembe na sepetu.

Shimo lilipokwisha nikawaita. Nikasimama ndani, kifua mbele, nikaigiza sauti ya mwalimu ya puani: "Mabibi na mabwana! Huku juu, palipojaa mboji, ndipo anapokaa tajiri. Hapa kati wanakaa wakulima, wekundu kwa jua na wagumu kwa njaa. Na huku chini, tazameni!" Nikainua konzi ya mchanga mweupe, safi, unaometa. Rafiki yangu Hamisi alicheka hata akaangukia maboga. "We Shabani," alisema huku akijifuta machozi, "wewe utakufa kwa mdomo wako."

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa na soko huria. Ghala la ushirika lilifungwa, popo wakahamia, na matajiri wapya wakaja kununua ufuta, kila mmoja na mizani yake inayosema uongo wake. Mmoja wao alikuwa anajenga duka la matofali ya saruji kando ya barabara yetu, na mchanga aliufuata mbali. Siku hiyo lori lake lilikuwa linapita kando ya shamba. Akasikia kicheko, akalisimamisha, akashuka.

"Kuna nini huko, vijana?"

"Shikamoo, tajiri. Kuna mchanga. Umeoshwa na Mungu mwenyewe!"

"Marahaba." Akaingia shambani na viatu vyake, akausugua mchanga kiganjani, akanitazama kwa upendo ambao sijawahi kutazamwa nao na mtu yeyote. "Shamba la nani hili?"

"La mama."

"Na mwenye kauli?"

"Mjomba Abdala."

Akanipa pakiti nzima ya biskuti. Sikumpa Hamisi hata moja.

Kwetu ardhi hupita kwa akina mama, lakini kauli imelala kwa wajomba. Kaka wa mama akisema ndiyo, ndiyo hiyo huzaa watoto. Mama aliporudi msibani alimkuta Mjomba barazani kwake pamoja na tajiri na watu wake, amekwisha kuahidiwa bati za kuezekea nyumba kama bei ya mchanga. Sijamwona mama akimwomba mtu kama alivyomwomba siku ile, amekaa chini, kanga ya msibani bado kiunoni.

"Kaka, kama umeshasema, umeshasema. Lakini ule mweusi wauweke pembeni. Wakishachota mchanga wao waurudishe juu. Nitaulima hivyohivyo."

"Dada, unanitia aibu kwa wageni. Udongo ni udongo. Nchi nzima hii udongo."

"Siyo, kaka. Ule ulimlisha mama yetu."

"Basi na huyu mwanao mwenye shimo mwulize, yeye ndiye msomi."

Mama akanigeukia. Hapo ndipo ningesema. Kati ya watu waliokaa pale ni mimi tu niliyekuwa na somo la mwalimu kichwani, tabaka zote, na vile vizazi na vizazi. Lakini Mjomba alikuwa ananitazama kwa jicho la fimbo. Nikafanya ninachokijua: nikatoa mzaha. Nikasema udongo ni kama nywele, ukinyolewa unaota tena. Mjomba akacheka sana. Mama hakucheka, wala hakunipiga, na wahenga waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe walinidanganya, maana mimi nilichimba na walioingia ni wengine.

Watu wa tajiri walianza kwa kuukwangua ule mweusi, na mashina ya mtama ya mwaka jana, na maboga aliyoyaangukia Hamisi. Hawakuuweka pembeni. Waliupakia, wakaenda kuumwaga ndani ya msingi wa duka uwe kifusi, wakaushindilia, wakamwagia saruji juu. Kisha wakarudi kuchota mchanga mpaka walipogonga mwamba, babu wa wote. Bati zikaenda nyumbani kwa Mjomba, zinang'aa mpaka ndege wanazikwepa. Baba alikuwa amekwenda Dar kutafuta maisha, maisha yakamficha, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza Mjomba zilikopotea zetu. Sisi tulipata bwawa la vyura.

Sasa niko kidato cha pili. Katika mtihani wa kilimo tuliulizwa tutaje tabaka za udongo na umuhimu wa kila moja, na mimi niliongoza darasa. Mwalimu akataka nipigiwe makofi. Wakati huo mama yangu anapanda mlima na sururu kutafuta ming'oko, na akikosa anakwenda kupima unga wa kibaba kwenye duka lile. Sakafu yake imejaa nyufa. Kila mwaka inatitia, tajiri anamtukana fundi, hajui kwamba udongo wa kulima haupendi kubebeshwa nyumba.

Likizo hii nilifuatana na mama dukani. Pale mlangoni akainama, akavua kandambili zake, akazishika mkononi. Muuzaji, kijana mgeni, akaangua kicheko. "Bi mkubwa, ingia na viatu tu, hapa siyo msikitini!" Watu wakacheka. Mimi, mwenye mizaha yote, nikainama kama yeye. Nikavua vyangu. Mama akapita juu ya nyufa polepole, kama mtu anayechelea kukanyaga miche, akaweka chombo chake juu ya meza, akamwambia:

"Niache, baba. Naingia shambani kwangu."