Koti la Mvua la Mwindonesia

Nilijua nimekosea kabla bodaboda haijasimama. Mvua ilitukuta tukitoka Kahendero kununua samaki wa kuuza, nami nikafanya kama nyumbani Bwera paa linapovuja: nikatoa koti la mvua la marehemu mama, nikafunika kapu. Koti lenyewe lina mabaka ya jeshi. Uganda ni marufuku raia kuvaa mabaka, hafuniki nayo hata kuku. Na pale karibu na njia panda ya Kikorongo wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi.

"Mama, shuka!" afande akaamrisha. "Hii kitu ya jeshi umetoa wapi?"

"Ni ya mama yangu, afande."

"Mama yako alikuwa komando?"

Wenzake wakacheka. Hasira hunipanda upesi, hata mbele ya bunduki. Nikamweleza yote pale pale mvuani.

Tulipokimbia vita upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, mama alikuwa anaumwa kifua. Pumzi ikamwishia kando ya barabara, karibu na kambi ya Waindonesia, wale wa kofia za buluu waliokuja kulinda amani. Watu walitupita, magodoro vichwani. Mwanajeshi mmoja akatoka kambini, akavua koti lake la mvua, akamfunika mama kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akasimama nami, yeye mwenyewe akilowa, mpaka walipopatikana watu wa kumbeba. Mama tulimzika na kitenge chake, koti nikabaki nalo. Picha yake sina, nguo zake ziliungua pamoja na nyumba. Nina hilo tu.

Afande alilishika koti, akalipapasa. "Mimi nimekaa huko Beni," akasema. "Waindonesia nawajua. Kama si uongo, sema: bunduki yao iko namna gani? Ukishindwa, hii inabaki hapa."

"Sijue, afande."

"Ulisimama naye na hujui?"

"Sikuangaliaka. Kwetu, mutu iko na bunduki, haumuangaliake. Unaangalia chini."

Ndivyo mama alivyotulea. Apite mwenye bunduki, awe wa serikali au wa msituni, macho yako ardhini, maana ukimtazama atadhani utakuja kumtaja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo wanajeshi mimi nawajua kwa miguu tu, na waliovaa gambuti za mpira, wale wa msituni, ndio waliotutisha kuliko wote.

"Basi uliona nini?"

"Mabote yake, ilijaa matope. Na sahani ya bati ilikuwa inaninginia kwa mukaba. Na mudomo ya bunduki. Iliangalia chini wakati yote."

Nilisubiri nisikie koti likitupwa upande wao.

"Ndiyo," akasema mwishowe, kwa sauti nyingine kabisa. "Wale walikuwa wanabeba hivyo. Ni nyeusi. Wanatengeneza wenyewe, huko kwao. Kitako inakunjwa kwa ubavu. Sisi hapa tuko na SMG tu." Alisema kama mtu anayemsifu ng'ombe wa jirani.

Bado nilikuwa natazama chini, ndipo nikauona mdomo wa bunduki yake mwenyewe, uliokuwa umeelekea kapu langu muda wote huo, ukishuka taratibu mpaka ukatazama matope.

"Geuza hii kitu, mama. Mabaka ikuwe ndani. Na barabarani usitoke nayo tena."

Kwa ndani koti ni kijani kitupu. Nililigeuza, nikafunika samaki wangu. Kisha, ili nimshukuru kama mtu anavyomshukuru mtu, nikainua macho. Alikuwa na uso wa kawaida tu, wa mtu wa makamo, mwanya mbele, maji ya mvua yakimdondoka puani. Sikuwa nimewahi kumtazama mwanajeshi usoni.

"Asante, afande."

Nililia mpaka Bwera. Mwenye bodaboda alidhani ni woga, akanipa pole. Haukuwa woga. Yule aliyemfunika mama alisimama kando yangu akilowa, nami sikumtazama usoni hata mara moja. Leo akija sokoni kununua samaki, sitamjua; nitampandishia bei kama mgeni mwingine yeyote.